Mgombea udiwani kaleta vipaumbele saba: vipi ni vyake, vipi si vyake?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mkulima wa tumbaku na mahindi katika kata moja ya Wilaya ya Uyui, mkoani Tabora. Diwani wetu alifariki na sasa tuna uchaguzi mdogo. Mgombea mmoja amegawa karatasi yenye vipaumbele saba: maji ya Ziwa Victoria, barabara ya lami, umeme kila kitongoji, kumalizia zahanati ya kijiji chetu, bei nzuri ya tumbaku, mikopo ya vijana na akina mama, na kumaliza mgogoro wa mpaka kati yetu na msitu wa hifadhi. Mwenzake hana karatasi, kila akisimama anasema tu, "Mnanijua, nitawasikiliza." Vijana tumepewa nafasi ya kuwauliza maswali mkutanoni. Katika haya yote, diwani anayaweza yapi kweli, na tuwaulize nini?

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. Diwani akifariki, kata hukaa bila msemaji kwenye baraza mpaka uchaguzi mdogo ufanyike, na huo ndio muda ambao mambo ya kata nyingine hupita mbele. Mnafanya vizuri kuuliza kabla ya kura.

Karatasi ya mgombea wenu nimeisoma kwa mazoea ya kazi yangu ya zamani ya mipango: kila kipaumbele nimekiandikia pembeni jina la anayeshika fungu. Maji, RUWASA, wakala wa maji vijijini. Barabara, TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Umeme, TANESCO na REA, wakala wa umeme vijijini. Bei ya tumbaku, Bodi ya Tumbaku na wanunuzi wenye mikataba na vyama vya msingi. Hapo vimekwisha vinne na bado hatujagusa halmashauri. Mpaka wa msitu una wenyewe wengi, kijiji kikiwa mmojawapo. Vinavyobaki ni zahanati na mikopo, na hivyo viwili ndivyo vinavyopita moja kwa moja mezani kwa madiwani.

Sisemi huyo bwana ni mwongo. Wagombea huandika maji na lami kwa sababu ndivyo tunavyopenda kusikia. Atakayepanda jukwaani akasema, "Nitahakikisha kamati ya kata inakutana kila robo na mihtasari inafika wilayani," atapigiwa makofi na mtendaji peke yake, na huenda hata huyo asipige. Ila nyinyi mnaokwenda kuuliza maswali mnatakiwa kujua kwamba diwani hasaini hundi. Nguvu yake iko kwenye vikao. Cha kwanza ni Kamati ya Maendeleo ya Kata, hiyo ambayo watu wengi wanaiita WDC, ambako yeye ni mwenyekiti, wenyeviti wa vijiji ni wajumbe na mtendaji wa kata ni katibu. Cha pili ni Baraza la Madiwani linalokaa kila baada ya miezi mitatu, pamoja na zile kamati za kudumu ambazo kazi yenyewe hufanyika humo kabla ya baraza. Ahadi yoyote ya udiwani ambayo msemaji wake hawezi kukwambia itaingilia kikao gani na mwezi gani, hiyo ihesabu kuwa ni salamu tu.

Nianze na zile nne zisizo zake, nizipitie haraka.

Zamani mhandisi wa maji wa wilaya alikuwa mtumishi wa halmashauri, na diwani alikuwa akimbana barazani mpaka jasho linamtoka. Sheria ya maji ya mwaka 2019 ikaanzisha RUWASA chini ya Wizara ya Maji, na mhandisi akahamia huko. Maji ya Ziwa Victoria yameshafika Tabora mjini, Nzega na Igunga, na mradi wa miji 28 umelenga kuyapeleka Sikonge, Urambo na Kaliua. Lakini bomba kuu kupita wilayani ni jambo moja na kijiji chenu kuchepushiwa ni jambo jingine, na uamuzi huo hautolewi na madiwani. Diwani anachokiweza ni kukifuatilia kwa karibu kile chombo cha watumia maji cha jamii kinachoendesha visima na vioski vyenu vya sasa. Basi msimuulize ziwa litafika lini. Muulizeni visima vilivyopo kwenye kata ni vingapi, vingapi vinatoa maji leo, na fedha ya ndoo anaishika nani. Mgombea aliyezunguka kata yake atajibu bila kumtazama msaidizi wake.

Barabara za vijijini na mijini zilihamia TARURA Julai 2017, na tangu 2021 kila lita ya petroli na dizeli inakatwa shilingi 100 za ziada kwa ajili ya barabara hizo. Lami kwenye barabara ya kata ni ndoto nzuri, nisiwaharibie. Ila mnachokihitaji mkulima na mwenye lori ni kalavati kwenye vile vipande korofi viwili vitatu mnavyovijua kwa majina, na greda lipite mvua zikishakatika, kabla malori ya kubeba tumbaku hayajaanza kuingia. Meneja wa TARURA wa wilaya huleta mpango wake mbele ya madiwani, na hapo diwani anayejua jina la korongo humshinda anayesema "barabara yetu ni mbovu".

Umeme niuache. Diwani ataandika barua na kupiga simu kama mwananchi mwingine yeyote, ila yake itapokelewa upesi kidogo.

Bei ya tumbaku ndiyo iliyonichekesha. Bei inapangwa kwa madaraja, kwenye majadiliano ya wanunuzi, bodi na wawakilishi wa wakulima, na diwani hana kiti pale kwa udiwani wake. Lakini mgombea wenu kapita karibu sana na kitu cha maana asikione. Tumbaku ikinunuliwa, mnunuzi hulipa ushuru wa mazao kwa halmashauri. Mwaka 2017 ushuru huo kwa mazao ya biashara ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3, na wilaya za tumbaku ziliumia sana kwenye makusanyo. Sasa tufanye hesabu ya mfano tu, namba nazibuni ili mwone njia: chama chenu cha msingi kiuze kilo 400,000, wastani wa shilingi 5,000 kwa kilo. Hiyo ni bilioni mbili. Asilimia 3 yake ni shilingi milioni 60 zilizotoka kwenye mabani yenu, yale majumba ya kukaushia tumbaku, kwenda halmashauri kwa msimu mmoja. Hapo diwani ana kiti, ana mdomo na ana kura. Anaweza kuuliza zilikusanywa ngapi kutoka kata yake, zilipelekwa benki lini, na ngapi zilirudi kwa sura ya mradi. Katibu wa AMCOS, yaani hicho chama chenu cha msingi, anazo kilo zote kwenye vitabu vyake. Nendeni kwake kabla ya mkutano, mkokotoe wenyewe, halafu mumuulize mgombea kama anaijua namba hiyo. Mtu anayetaka kutusemea wilayani bila kujua kata yake inachangia nini atakwenda kule kuomba, na anayejua atakwenda kudai.

Tukiishika hiyo milioni 60 ya mfano mkononi, twendeni kwenye zahanati, maana hapa ndipo nataka tukae.

Mpango wa afya ya msingi wa mwaka 2007, ule wa MMAM, ulisema kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Wananchi wakaitikia. Wakafyatua tofali, wakachoma, wakasomba mchanga na mawe kwa matrekta na mikokoteni ya ng'ombe, wakapandisha kuta mpaka kwenye lenta, wakaambiwa serikali itapaua. Leo ukipita vijiji vingi vya Tabora utayaona hayo maboma. Kuta zimesimama, mvua za miaka kadhaa zimelamba tofali za juu, ndani umeota mti na mbuzi wamepata kivuli. Hujaniambia lenu limefika wapi ila kwa kuwa karatasi inasema "kumalizia", nadhani liko humo humo.

Serikali kuu imekuwa ikitoa shilingi milioni 50 kwa boma moja la zahanati ili likamilishwe, lakini zinakwenda kwa awamu na kwa orodha, na orodha hutengenezwa wilayani. Njia nyingine ni mapato ya ndani ya halmashauri yenyewe. Kwa njia yoyote kati ya hizo, boma lenu linapita mlango mmoja: lazima liwe limeandikwa.

Linaandikwaje? Linaanzia mkutano mkuu wa kijiji, unaoandika kwenye muhtasari kwamba kipaumbele cha kwanza cha mwaka ujao ni zahanati. Muhtasari huo, wenye mahudhurio na sahihi, unakwenda WDC. WDC inakaa na vijiji vyote vya kata, kila mwenyekiti anavutia kwake, na hapo mwenyekiti wa kikao, yaani diwani, anatakiwa awe na kifua cha kusema mwaka huu ni kijiji fulani, mwaka kesho ni kingine. Kisha mapendekezo ya kata yanakwenda halmashauri, yanachambuliwa na wataalamu, yanafika kamati ya fedha, halafu baraza. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini mambo haya hufanyika miezi mingi kabla: vijiji na kata kuelekea mwisho wa mwaka, baraza mwanzoni mwa mwaka unaofuata, kisha mkoa, kisha TAMISEMI, ofisi inayosimamia halmashauri zote, kisha Bunge kati ya Aprili na Juni. Diwani anayeshtuka Machi na kuanza kupigia kelele zahanati yake amechelewa mwaka mzima. Nimewaona wengi, wanapaza sauti barazani mpaka koo linakauka, na afisa mipango anawatazama kwa huruma kwa kuwa ukomo wa bajeti umeshajaa.

Na kuandikwa peke yake hakutoshi. Hili watu wengi hawalijui, hata baadhi ya madiwani. Kitabu cha bajeti kina mstari wa mradi wenu: jina la mradi, kijiji, chanzo cha fedha, kiasi kilichoidhinishwa. Kila robo hutoka taarifa ya utekelezaji, na humo mstari uleule huongezewa safu mbili, fedha zilizopokelewa na fedha zilizotumika. Mwaka unaweza kufika Machi na safu hiyo inasoma sifuri, mradi uko palepale kitabuni, na diwani anawaambia wananchi kwa moyo mkunjufu kwamba zahanati "ipo kwenye bajeti". Hakudanganya. Kitabuni ipo, ila fedha hazijafika.

Katika halmashauri moja niliyofanyia kazi, sitaitaja, kulikuwa na diwani mzee wa darasa la saba. Alikuwa na daftari la mistari lenye jalada lililong'oka, na kalamu mbili. Kila kikao alifungua ukurasa wa robo iliyopita, akaweka kidole kwenye namba aliyoiandika mwenyewe, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Mwenyekiti, hapa robo iliyopita mlisema milioni nane zinakuja. Zimekuja?" Basi. Hakuwa na hotuba. Mweka hazina alikuwa akiingia ukumbini anaangalia kwanza kama mzee yule amekuja. Kata yake haikuwa na lami wala mbunge wa kuivuta mkono, lakini miradi iliyoandikwa ilimalizika kabla ya ya wenzake. Nawaeleza hili kwa sababu najua mtakwenda kuwapima wagombea kwa elimu na kwa ufasaha. Sheria inataka mgombea ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe na miaka 21 na kuendelea, adhaminiwe na chama. Shahada haimo, na kwa niliyoyaona sioni sababu ya kuiongeza.

Jambo moja zaidi kuhusu zahanati kabla sijaiacha. Jengo likipauliwa halijawa zahanati. Linataka choo, maji, kichomea taka, nyumba ya mtumishi, na mtumishi mwenyewe, ambaye hupatikana kwa ajira na mgawanyo wa serikali kuu. Tangu 2017/18 fedha za uendeshaji huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo na zinasimamiwa na kamati ya kituo yenye wananchi ndani yake. Mgombea anayesema "nitamalizia zahanati" muulizeni nyumba ya mganga imo kwenye hesabu yake au haimo. Zipo zahanati zilizofunguliwa kwa utepe na ngoma, muuguzi akapanga chumba kilomita kadhaa mbali, na mama mwenye uchungu wa usiku akaendelea kubebwa kwenye bodaboda kama zamani.

Mikopo sasa. Hii ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, haina riba. Iliingizwa kwenye sheria ya fedha za serikali za mitaa mwaka 2018, ikasimamishwa 2023 baada ya malalamiko mengi ya marejesho na vikundi hewa, ikarudi 2024 na taratibu mpya. Angalieni kwamba ni asilimia ya makusanyo, kwa hiyo ushuru wa tumbaku ukivuja njiani na mikopo yenu imevuja pamoja nao. Mlango wake ni afisa maendeleo ya jamii wa kata, anayevisajili na kuvifuatilia vikundi. Diwani hagawi. Akiwaambia vijana "nitawapa mikopo", shtukeni, kwa sababu njia pekee ya diwani "kutoa" mkopo ni kushinikiza vikundi vya watu wake vipite na vya wengine vikwame, na vikundi vya namna hiyo ndivyo visivyorejesha. Swali la kumuuliza ni vikundi vingapi vya kata hii vilishakopeshwa, vingapi vimerejesha, na yeye au ndugu zake wamo kwenye kikundi gani. Hilo la mwisho litaleta minong'ono. Ulizeni hivyo hivyo, kwa adabu.

Kipaumbele cha saba, mpaka wa msitu, ndicho kinachonitia wasiwasi kuliko vyote, na hapa sitapima maneno. Tabora ni nchi ya miombo. Mabani yanataka kuni, wafugaji wanataka malisho, warina asali wanataka misitu isimame ili mizinga ipate nyuki, na TFS, wakala wa misitu wa serikali, inalinda mipaka iliyochorwa wakati babu zenu ni vijana. Mgogoro ni wa kweli. Ile kamati ya mawaziri wa kisekta ilipoangalia vijiji 975 nchini vyenye migogoro na hifadhi, serikali iliamua vijiji 920 vibaki. Uamuzi huo ulitoka Baraza la Mawaziri, si baraza la halmashauri. Kwa hiyo mgombea udiwani akisimama akasema "nikishinda, mpaka utasogea", anawaweka watu hatarini. Nini hutokea? Watu wanamwamini, wanafyeka ng'ambo ya bikoni, zile alama za mpaka, wanapanda, mahindi yanafika kiunoni, kisha wanakuja kuondolewa, na diwani yuko Isikizya, makao makuu ya wilaya, kwenye kikao. Nimeandika mihtasari ya vikao vya namna hiyo na sipendi kuikumbuka.

Anachoweza diwani katika hili ni kidogo lakini ni kizito. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye idhini. Diwani anaweza kuhakikisha kila kijiji cha kata kina cheti chake cha ardhi na ramani yenye bikoni zinazotambulika, na kwamba ramani ya kijiji na ya msitu zimewekwa meza moja na wapima wa pande zote mbili wapo. Anaweza kusukuma mpango wa matumizi bora ya ardhi utengewe fedha, ili malisho, mashamba na mashamba ya miti ya kuni za tumbaku yajulikane yako wapi. Anaweza kuleta sheria ndogo za kuzuia moto na ukataji, maana baraza lina mamlaka ya kutunga sheria ndogo na waziri akaziidhinisha. Na migogoro ya jirani kwa jirani inaweza kupelekwa baraza la kata, ingawa mkumbuke tangu 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, halihukumu tena. Muulizeni mgombea jambo jepesi: cheti na ramani ya kijiji chetu viko wapi sasa hivi, na ni nani anavishika? Akisema hajui, sawa, anaweza kujifunza. Akisema "mpaka wenyewe haupo", msimpe kura. Huo ni ushauri wangu wa wazi kabisa.

Kinachokosekana kwenye karatasi yake ndicho ningekiandika namba moja kama ningekuwa mgombea: kusomwa kwa mapato na matumizi. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila robo na taarifa ya fedha isomwe. Vijiji vingapi vya kata yenu vilisomewa robo iliyopita? Hili halina gharama, halina TARURA wala RUWASA, na linaanzia kwa wenyeviti wanaokaa kwenye kamati ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake. Mashine za POS za kukusanyia ushuru wa mnada na gulio zinatoa risiti, na mwisho wa siku zina jumla. Diwani anayetaka kujua, anajua.

Huyu wa pili anayesema "nitawasikiliza" msimdharau haraka wala msimwonee huruma. Karatasi inaweza kuwa imeandikwa na mpwa wake mgombea aliyeko Dar, ikapigwa chapa stendi. Asiye na karatasi naye huenda hana la kusema, au ni mtu wa kazi asiyejua kujinadi. Kumsikiliza mtu huonekana kwa mienendo ya nyuma, basi mpimeni kwa hiyo: mara ya mwisho alihudhuria mkutano wa kijiji gani na nini kiliamuliwa, amewahi kuwa kwenye kamati ya shule, ya zahanati au bodi ya AMCOS, na alipotoka aliacha hesabu gani. "Mnanijua" ni jibu zuri kwenye msiba na harusini. Kwenye fedha za umma mnamjua kwa vitabu alivyovishika.

Mkutanoni, kila mmoja aulize swali moja fupi lenye namba, na wote wawili waulizwe maswali yaleyale. Mkiwauliza tofauti, mtaambiwa mmetumwa. Msiulize kwa ukali. Tabora watu husikiliza zaidi anayeongea taratibu. Mgombea akianza kugawa sukari na kanga badala ya majibu, kumbukeni takrima, yaani zawadi za kampeni, ilikataliwa na Mahakama Kuu tangu 2006, na TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, wana ofisi wilayani.

Lakini kuna swali moja la uchaguzi mdogo hasa, ambalo kwa kawaida hakuna anayelikumbuka. Diwani wenu mpya ataingia katikati ya safari. Bajeti ya mwaka huu ilishapitishwa bila yeye, na ya mwaka ujao huenda tayari iko njiani. Kwa hiyo miezi yake ya kwanza hatakuwa na nafasi ya kuanzisha jambo. Atakuwa na kazi ya kufuatilia yaliyoandikwa na marehemu, na kama kuna la haraka, kuomba fedha zihamishwe kwa kibali kutoka kwenye mradi uliokwama. Muulizeni kila mmoja: miradi ya kata yetu iliyomo kwenye bajeti ya mwaka huu ni ipi, na ipi imepokea fedha?

Nyinyi mjue jibu kabla yao. Nenda kwa mtendaji wa kata wiki hii, umwombe akuonyeshe ukurasa wa kata yenu kwenye bajeti na taarifa ya robo iliyopita. Akikwambia ni siri, si siri: vikao vya baraza ni vya wazi, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwananchi haki ya kuomba kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 30. Kwa kuwa siku hizo huenda zikapita uchaguzi, jaribu kwanza kwa maneno mazuri, ukiongozana na mwenyekiti wa kijiji na mtu mzima mmoja anayeheshimika. Ukurasa wenyewe huwa mmoja au miwili. Upigeni picha kwa simu, mtafute mstari wa zahanati, na mwangalie ile safu ya fedha zilizopokelewa.